Hesabu za Likizo Ndefu

Sanduku lilikuwa na magurudumu manne nilipotoka Langoni.
Limerudi na manne, ila moja si lake:
fundi wa Samarkandi alilichomoa kwenye kigari cha mtoto,
akaligongea nyundo, akakataa pesa.
Nikasema asante. Akanisahihisha: rahmat.
Huko asante ni rehema.
Sasa linalia kwarakwara vichochoroni,
watoto kwenye daka la kina Shekuwe wananyamaza kulisikiliza,
na punda aliyeziba njia anageuza sikio moja tu.

Mimi ni wa uhasibu, mwaka wa pili, nitasema kwa tarakimu.
Siku themanini na tatu. Miji mitatu,
na vituo ambavyo majina yake niliyasoma kinyumenyume.
Nauli: nusu chuo, nusu bangili ya mama,
ile nene ya mkono wa kulia
iliyotoka nyumbani Ijumaa moja ndani ya leso
na haikurudi.
Haikuandikwa popote. Naiandika hapa.

Surati mvua ilininyea hadi soksi.
Nilipanga chumba juu ya duka, na duka kwao ni dukan,
na rangi ni rang, na gari ni gari,
na chai, jamani, chai ni chai.
Nilidhani maneno haya tumezaliwa nayo,
kumbe ni wapangaji wa zamani
waliokaa kwetu hadi tukasahau kudai kodi.
Au sisi ndio tunaodaiwa?
Somo hilo hatujalifikia.

Hanoi simu iliniponyoka, ikaingia ziwani, chubwi.
Siku nzima bila ramani, bila lugha,
pikipiki zinamiminika kama siafu waliokanyagwa;
kuvuka barabara ni kumwachia Mungu
na kutobadili mwendo.
Nikamwambia muuza maembe, kwa Kiswahili, maana nilichoka:
"Bibi, nimepotea, na embe lako bichi."
Akanijibu kwa lugha yake, kwa urefu, kwa uchungu,
nadhani juu ya mkwewe.
Akanikatia vipande, akatia chumvi, akatia pilipili.
Nikakiweka kimoja kinywani
nikawa na miaka tisa, nje ya lango la shule,
nina shilingi tano na kidonda cha goti.
Nililia. Akadhani ni pilipili, akaniongeza.

Nimeiruka treni.
Kabla ya Hanoi palikuwa na treni, usiku kucha,
na bibi mmoja aitwaye Hansaben
aliyenilisha mikate ya majani ya uwatu bila kuniuliza nimeshiba,
kisha akauliza kwetu wapi.
Nikachora Afrika nyuma ya tikiti. Ikatoka kama figo.
Nikatia nukta ukingoni.
Mjukuu wake akaiinamia, pua ikagusa karatasi:
"Mnaishi wangapi humo?"
Sikuwa na jibu. Mtu wa hesabu, sikuwa na jibu.

Bangili za kioo, kutoka Surati: sita, za kijani.
Mbili zilivunjika forodhani, mbili sijui wapi,
moja niliikalia mwenyewe.
Ya sita mama aliivaa mkono ule ule wa kulia,
akaoshea nayo sufuria siku mbili.
Ya tatu ikagonga ukingo wa karai.

Hakushtuka. Alichutama kuokota vigae,
akahesabu kwa midomo, paka asije akakanyaga.
"Hukunambia," akasema. "Huko waliyua kwenu ni wapi?"
"Niliwachorea nukta."
"Nukta?"
"Nukta, mama. Ya kalamu."
"Na sote tumo?"
"Mumo."
"Na kina Shekuwe?"
"Na punda wao."
Akanyanyua kigae cha mwisho, akakitazama kwenye mwanga wa mlango,
mto wa kijani ukampita usoni.
"Basi uliikoleza sana," akasema. "Ndoo ule, chai inapoa."